Namba Mia na Kumi na Mbili

Mimi ni Urve, napokea makoti
orofa ya chini ya maktaba ya chuo, mjini Tartu,
ambako theluji huanza kabla watu hawajajiandaa
na huondoka ikiwa imekwisha kuchokwa.
Wananipa koti, nawapa kibati chenye namba.
Kazi yangu ndiyo hiyo, mwaka wa kumi na tisa sasa.

Ila koti halijui kutunza siri.

Hili la Liisbet wa sheria linanuka moshi na majani mabichi:
jana alikuwa sauna na wenzake, wakachapana matawi,
wakatumbukia katika tundu walilolikata kwenye barafu ya mto.
Leo anapanda kusoma mikataba, masikio bado mekundu.
Hili zito la Joosep wa fizikia
lina uyoga mkavu mfukoni tangu Septemba.
Niliwahi kumuuliza hutafuta nini huko msituni.
"Pahali ambapo sitafuti kitu," akasema, akaenda zake.
Na hili, tiketi mbili za tamthilia,
moja haijachanwa.
Sikuuliza.

Alhamisi huja ya kwaya, arobaini kwa mkupuo,
theluji mabegani, kulabu zikalalamika.
Nikimaliza kutundika, huko juu wameshaanza.
Kuna mwenye besi anayechelewa nusu pumzi;
asipokuwapo, mimi huku chini nasikia wimbo unachechemea.

Wakubwa hudhani vijana huja hapa kusoma.
Wanasoma, sikatai. Nimewaona wakililia takwimu.
Lakini mifuko yao husema mengine.

Sasa, huyu wa mia na kumi na mbili.
Skafu ya kijani, maneno haba.
Novemba koti lake lilidondosha karatasi mezani:
*Kitunda cha mfalme, hatua mbili mbele.*
Nikamrudishia, nikidhani imemponyoka.
Kesho yake ikaja tena, na chini yake: *Zamu yako.*

Baba alinifundisha sataranji jikoni,
vitunda vilikuwa vifungo, malkia kastabini ya mama.
Nikaandika jibu, nikalitia mfukoni mwake,
mkono ukitetemeka kama wa mwizi.

Tukacheza hivyo majira yote ya baridi,
hatua moja kwa siku,
bila kuvuka "asante" na "haya."
Ubao niliuweka nyumbani, karibu na birika.
Januari alinila malkia; usiku ule sikulala.
Februari nikainasa ngome yake:
akaisoma karatasi palepale, akajipiga kofi la paji,
foleni nzima ikageuka.

Kisha Aprili. Barafu ya Emajõgi ikapasuka
kama mlango uliofungwa kwa hasira.
Wanafunzi wakahamia nyasini kilimani,
vitabu wakavigeuza mito ya kulalia.
Siku moja nikafika, nikakuta kulabu mia tatu tupu,
redio yangu ndogo, na mimi.
Alipita na shati, mikono imekunjwa,
hana koti, hana mfuko wa kutia lolote.
Akasita kidogo. Akapanda ngazi.

Nilikuwa nimebakiza hatua mbili.
Mbili! Mfalme wake hana pa kukimbilia,
na jua linanichekea dirishani.
Nilikwenda nyumbani nikautazama ubao
hadi maji ya chai yakakauka birikani.

Asubuhi ya pili joto lilizidi.
Wasichana walikuja peku, viatu mkononi.
Nyuma yao, akitiririka jasho,
skafu ya kijani shingoni, vifungo vyote hadi kidevuni,
alikuja yeye, ndani ya koti lake la sufu.
Walimcheka. Hakugeuka.
Akalivua, akaliweka mezani taratibu,
kama mtu anayelaza mtoto.
"Baridi leo," akasema.
"Kali," nikajibu, nikampa kibati chake.

Nikangoja apande. Nikatia mkono mfukoni.

Alikuwa ameziona hatua zangu zote mbili,
mwanaharamu yule.