Thelathini na Moja Juni

Bwana karani, nimesalimia hukuitikia.
Si neno. Tusome karatasi.

Kijana wenu aliiacha gengeni kwangu pale Isevya,
juu ya mfuniko wa ndoo ya asali, ikanata.
Nimeibandua kwa kisu.
Ukiona sisimizi mezani pako, hao ni wangu.

Inasema: pikapu nyeupe.
Yangu ni bluu, bluu ya daftari la shule,
imechubuka ubavuni pale mzinga ulipodondokea
enzi za marehemu Mihayo.

Inasema: BKR.
Mimi ni BKP. Hiyo P imeota mguu
katikati ya gari na kalamu.

Inasema: imeegeshwa mbele ya stesheni, saa nne asubuhi.
Wiki nzima ile ilikuwa kwa fundi Nkwabi,
juu ya mawe manne, haina hata tairi moja.
Kuku walitagia chini yake. Mayai nimeyala, sikatai,
ila gari lisilo na miguu
lilikwendaje stesheni?

Unaniambia mfumo umeshaisoma.
Unaniambia, lipa kwanza, mama, ulalamike baadaye.
Haya. Faini yenu ni nusu ndoo ya asali,
na asali haitoki bombani:
kuna moshi, kuna kupanda mti usiku,
kuna jicho lililovimba.
Sasa soma tarehe. Soma kwa sauti.

Thelathini na moja Juni.

Umeitazama kalenda ya ushirika wa tumbaku ukutani,
hukuiamini,
ukakunja ngumi ukahesabu vifundo
kama tulivyofunzwa darasa la tatu.
Januari kifundo, Februari bonde...
Juni ikakuangukia bondeni.
Hapo ndipo ulipocheka,
na mimi nikaona jino lako lililokatika, nikakupenda kidogo.

Simlaumu yule kijana.
Nimemwona anavyotembea na jua utosini,
amefunga viatu kwa waya,
anaandika magari mia kabla hajanywa chai.
Lakini siku ambayo Mungu hakuiumba
siilipii.

Umefungua daftari la malalamiko.
Nami nasoma maandishi hata yakipinduliwa,
nimefanya biashara miaka ishirini.
Umeandika: Bi. Karunde.

Kalunde, bwana. Kwa L, kama lami.
Futa, uanze upya.
Nina muda wa kutosha:
gari bado liko juu ya mawe.