Pingu ya Njano

Nilitoka na viazi, Isyonje kungali giza,
Ukungu kama mavazi, barabara yateleza,
Sikwenda kufanya wizi, gunia sita kuuza,
Na mama nikamlaza, kiti cha mbele, garini.

Ana mtoto jichoni, miadi ni saa nne,
Nikashusha Mabatini, nikazunguka nione,
Nafasi sikubaini, mtaa hadi mwingine,
Mbele magari manane, nikaingia pembeni.

Kiwanja cha kokoto tu, lango halina mlinzi,
Sikuona hata mtu: kuku tu, akila panzi,
Kibao kama kiatu, kimefichwa na mianzi,
Herufi kama mainzi, zasomwa kwa hadubini.

Tulirudi saa saba, mama jicho kazibiwa,
Na gari, lo, kwa msiba, tairi limefungiwa,
Pingu ya chuma, si haba, rangi njano imetiwa,
Karatasi inalowa, imebanwa kiooni.

Wakatokea wawili, vizibao vya kung'ara:
"Faini laki kamili, usilete masihara,
Likilala, laki mbili, ni kanuni, si hasira."
Nikasema kwa busara: "Kanuni ya bunge gani?"

Mmoja namfahamu, Lusajo, mwana wa Ndaga,
Alisoma kwa nidhamu, tukigawana maboga,
Leo kaipata zamu, macho chini kwa uoga,
Hana jembe, hana mboga, hula kwa pingu mjini.

Hesabu nikakusanya, kwa vidole vya mkono,
Gunia mbili wamenya, bila kisu, kwa maneno,
Palizi niliyofanya, mbolea kwa mapatano,
Kumbe nao wana vuno, shamba lao kokotoni.

"Nikate rufani wapi?" Wakacheka, wakacheka,
"Bosi hatujui yupi, simu yake huzimika."
Risiti yao ni fupi, muhuri umefutika,
Yuleyule wa kushika, ndiye hakimu kitini.

Trafiki kapita hapo, nikamwita, kasimama,
"Lami yangu mwisho hapo, kokoto siwezi sema."
Ofisi za jiji zipo, jalada limeshazama,
Hatua moja ya nyuma, naingia nchi gani?

Si mimi peke yangu tu, hapo nyuma Tusekile,
Dakika zake ni tatu, kumshusha mwana shule,
Gwamaka, fundi viatu, bajaji kaacha mbele,
Wote pingu ileile, kosa halina mizani.

Sikatai mwenye mali, ana haki ya kulinda,
Nitalipa kwa halali, saa moja, kisha kwenda,
Si mtego wa kufuli, kama fuko wa kuwinda,
Fuko hula nilopanda, mimi nimekula nini?

Kibao kiwe bayana, herufi kama kiganja,
Dakika kumi kuona, mtu ahame uwanja,
Na risiti yenye jina, siyo hati ya ujanja,
Faini si ya kuchinja, ilingane na thamani.

Na rufani isikizwe, na asiyekula humo,
Makampuni yachunguzwe, hesabu na vilivyomo,
Vijana waelekezwe, wasilipwe kwa kipimo,
Kesi ya nyani ilimo, ngedere yu barazani.

Mama akashika pingu, akaipapasa chuma:
"Kesho hili jicho langu, watafungua mapema,
Hilo la gari, mwanangu, nani atalitazama?"
Nikakosa la kusema, laki ikatoka ndani.

Mporoto tukipanda, ukungu ukishukia,
Kwenye rimu pana donda, pingu ilikong'atia,
Nanyi mliotuganda, kura mkitulilia,
Tungeni basi sheria: jicho la pili ni Juni.