Mguu wa Nne

Aisifuye mvua imemnyea, husema watu.
Mimi ilininyeshea Aprili nzima, kisha ikaniachia majani,
majani hadi kiunoni, nyuma ya ghala la tumbaku,
yametoa vichwa, vichwa vimetoa vumbi la manjano,
na Simsim hajalala siku tisa.

Kra, kra, kra: ukucha juu ya saruji.
Kisha ulimi, katikati ya vidole,
mpaka manyoya meupe yamegeuka rangi ya kutu.
Sikio la kushoto limeiva, lanuka mkate uliochacha.

Si mbwa wangu. Ni wa Khemis,
aliyevuka kwenda Juba kuendesha lori
akaniachia funguo, deni la duka, na huyu.
"Mama, utamtupia chakula tu."
Nikamtupia. Miaka miwili, kwa mkono mrefu:
yeye upande wake wa ua,
mimi na udhu wangu upande wangu.

Onzima, fundi wa pikipiki, alileta kopo la oili chafu.
"Mpake mwili mzima, upele utakimbia."
Ungekimbia, na ngozi ingeufuata.
Nikamshukuru. Nikaipaka bawaba za lango.

Daktari Ayikoru akaja kwa boda,
buti zimeganda samadi ya ng'ombe wa watu,
akapekua manyoya kama atafutaye sarafu.
"Si utitiri. Si viroboto. Ni chavua, mama, ya haya majani.
Kwako ingeingilia puani. Kwake huingilia ngozini."

Nikapiga chafya.
Simsim akaniangalia.

Dawa ya sikio aliitia mwenyewe. Vidonge akavihesabu:
"Vyake hivi, usimpe vyako."
Kazi akaniachia mimi:
kila jioni, akitoka majanini, maji safi,
kidole kimoja kimoja,
kisha kitambaa kikavu, maana unyevu nao ni fitina.
Na gunia analolalia lifuliwe, lianikwe mbali na majani.

Jioni ya kwanza nilivaa mifuko ya sukari mikononi.
Ya pili, mifuko ikatoboka.
Ya tatu sikuitafuta.

Sikujua kwamba nyayo za mbwa zina joto.
Sikujua kwamba kati ya vidole
pana ngozi laini kama ya ukope,
na kwamba mnyama anayebwekea mwezi
anaweza kutetemeka kwa kuogopa beseni.

Nikimaliza naosha mikono, mara saba,
moja kwa udongo, huu mwekundu wa Arua usiokosekana,
na adhana ya magharibi hunikuta bado nachuruzika maji.

Khemis alipiga simu. "Mbwa mzima?"
Anajikuna kidogo tu siku hizi.
"Mama... unamgusa?"
Nikamwambia mtandao mbaya, simsikii.

Majani hayajamaliza kuchanua.
Jana nilikaa kwenye kigoda, beseni la bluu miguuni,
nikaosha mmoja, nikaosha wa pili,
wa tatu alinivuta, tukavutana.
Wa nne
aliunyanyua mwenyewe.