Saba

Kosa la kwanza lilikuwa langu.
Nilimwambia kwa Kiingereza, lakini saa niliyompa
ilikuwa ya Kiswahili.
Basi Mwalimu Marivic akaripoti saa mbili yake,
yaani saa nane yetu, jua la utosi,
na Kidato cha Pili B walishamchora ubaoni
chura mwenye miwani, wakamfuta, wakachoka.

Mtoto akiomba kwenda chooni
yeye huinua nyusi.
Kwao hiyo ni ndiyo.
Shukuru Mwaipopo alisimama dakika nne nzima,
miguu imepishana,
akingoja neno.
Siku hizi nikiuliza nani hajafanya zoezi
naona mapaji thelathini na nane yakipanda.

Jumamosi nilimpeleka Mabibo.
Akauona mkungu, akapiga ukelele: "Saba!"
Muuzaji, mtu wa kazi, akakata saba.
"Saba!" tena, anacheka, anapapasa ganda.
Akakatiwa saba nyingine.
Tulirudi Upanga na ndizi kumi na nne,
na jikoni ndipo nilipoelewa
kuwa saba ni jina: ndizi fupi, nene,
ya kukaangwa na sukari, kuchomekwa kijiti,
kuuzwa nje ya geti la shule kule Batangas
alikofundisha miaka kumi na mmoja
mpaka mshahara ukawa mfupi kuliko mwezi.
Hizi za kwetu si zenyewe, alisema.
Akala tano.

Saa kumi jioni ya hapa
kule ni saa tatu usiku; mwanawe anapanda kitandani.
Na kikao cha idara ni saa kumi. Kila Jumatano.
Marivic haombi ruhusa. Hukodolea macho dirisha.
Wiki iliyopita nilimwinulia nyusi,
nikamwonyesha mlango kwa midomo
(hiyo ya midomo tunayo wote,
hakuna aliyemfunza mwenzake),
akachomoka na simu.
Mimi ndiye katibu. Nikaandika:
Mwl. M. Dimaculangan, yupo.

Mkuu alikuwa kwenye ada zisizolipwa.
Nje, kwenye ngazi, karibu na simtanki,
nilimsikia akihesabu polepole,
moja, mbili, tatu, kama anayeshuka gizani,
nne, tano, sita,
na alipofika saba, kwenye spika,
mtoto akaangua kicheko.

Akarudi mwanzo. Moja.