Msaragambo wa Viljandi

Jumamosi ya Februari, nyuzi kumi na saba chini ya sifuri,
watu kumi na mmoja walivua viatu mlangoni pangu,
viatu vikabaki vikidondosha theluji juu ya magazeti,
nasi tukaingia kufagia kitu kisichoshikika.

Programu yetu haina mwenyewe. Inahesabu vitabu
katika maktaba ndogo, zile za chumba kimoja na jiko la kuni,
na kwa miaka kumi na tisa kila apitaye ameongeza chake,
huyu kiraka, yule kiraka juu ya kiraka,
hadi faili moja ikafika mistari elfu nne
na hakuna aliyeifungua bila kwanza kuvuta pumzi.
Tunaiita hazina.
Hazina ina panya.

Kazi yangu ilikuwa orodha.
Wiki tatu nilikesha nikigawa uchafu mafungu mafungu:
huu mdogo, wa mgeni; huu wa mwenye subira;
huu mwachieni Kaupo, maana ndiye aliyeuleta.
Watu hudhani usafi huanza na fagio.
Huanza na kujua nani atashika fagio lipi,
na nani asikalishwe karibu na nani.

Siiri, miaka kumi na sita, hakuwahi kuugusa msimbo wetu.
Mgeni siku mbili, walisema waliosema;
sisi jembe tulimpa chai yake haijapoa.
"Majina," nikamwambia. "Tafuta kila kinachoitwa kitu,
kitu2, kitu2kipya, kitu2kipya_kweli,
ukipe jina la kazi yake."
Akanitazama kana kwamba nimemtuma
akawabatize paka wote wa mji.
Kufikia saa sita alikuwa amebatiza sitini.

Tukala supu ya njegere, tukala skonzi zenye krimu,
krimu ikaingia kwenye kibodi ya Kaupo, akakana.
Mistari ikaanguka: mia mbili, mia saba, elfu na mia moja.
Siku hiyo ushindi tuliuandika kwa alama ya kutoa.

Ndipo Siiri akauliza kuhusu mstari mmoja,
mfupi, katikati ya faili, unaosema tu:
subiri sekunde tatu.
Na ubavuni mwake: *Usiguse. Heino.*

Heino tulimzika miaka sita iliyopita.
"Kompyuta za leo hazina cha kusubiri," alisema Kaupo.
Tuliutoa kwa majaribio, taa zote zikawaka kijani.
Tukainua mikono: tisa wafute, wawili wauache.
Mimi nilikuwa katika wale tisa.
Tukafuta. Hakuna aliyesema neno
kwa muda ambao, nikikumbuka vizuri,
ulikuwa sekunde tatu.

Jumatatu asubuhi simu kutoka Hiiumaa, kisiwani.
Virve wa maktaba. Hakupandisha sauti, ningependa angepandisha.
Printa yake ya lebo, kongwe kuliko Siiri,
ilikuwa ikitoa karatasi nyeupe, nyeupe, nyeupe,
na vitabu mia vikisubiri mezani bila namba.
"Heino alikuja mwenyewe kwa kivuko," akasema,
"akainamisha sikio hapa kwenye mashine siku nzima.
Aliniambia: huyu bibi lazima ameze mate kabla ya kusema."

Siiri ndiye aliyeurudisha, jioni ileile, kutoka kwao.
Lakini hakuandika *usiguse*. Aliandika:
*Printa ya Virve, Hiiumaa, huchelewa kuamka.
Siku itakapokufa, futa mstari huu.
Mpigie simu kwanza.*

Mimi nimeusoma mara nyingi kuliko inavyohitajika.
Miaka sita tulikuwa na amri ya marehemu, tukaiona kiburi.
Ilikuwa safari ya kivuko, na sikio,
na mtu aliyechoka kuandika maneno kumi zaidi.

Imebaki mistari elfu mbili na mia tisa na mmoja.
Tutakutana tena Aprili, theluji ikianza kuoza.
Orodha ninayo.
Leteni soksi za akiba, sakafu yangu ni baridi,
na Kaupo aje na kibodi yake.