Kichanja

Saa tano asubuhi uso wa marehemu
unashuka kwenye kioo kama pazia lililokwama:
paji, nyusi,
basi.
Macho hayajafika.
Wafiwa wanne wamesimama nyuma yangu,
wametoka Kibosho na makoti yenye harufu ya kabati,
wanataka ratiba mia tatu kabla ya saa nane,
na mashine inazungusha kale kaduara kake
kama mtu anayepapasa mfuko kutafuta ufunguo
akijua fika ameuacha nyumbani.

Nina laki na ishirini kwenye kopo la maziwa ya unga.
Nimezihesabu mara tatu, hazikuongezeka.
Laki na ishirini ni prosesa ya mtumba,
au ni ramu, giga nane.
Si vyote viwili.
Shemeji Ndelilio, asiyemiliki hata kikokotoo,
anasema nunua ubongo, kumbukumbu itafuata.
Binti wa duka la simu ng'ambo ya barabara
anasema tupa hiyo.
Moshi nzima ni mafundi, mpaka umwombe mtu bisibisi.

Nikamwita Ombeni, mwenye meza pale Mbuyuni
kati ya muuza mashuka na muuza dagaa.
Hakufungua kitu. Alisema niendelee na kazi,
akakalia ndoo, akatazama zile grafu mbili
jinsi nesi anavyotazama dripu.
Moja imegota juu, asilimia tisini na saba.
Ya pili inasinzia kwenye kumi na nane.

"Kwenu mlikuwa na kahawa?"
Uru, nikasema, kabla baba hajaing'oa apande nyanya.
"Basi unajua. Jamaa anazungusha mashine ya kumenya,
mkono wa chuma, buni zinamwagika,
lakini vichanja vimejaa.
Ataanika wapi? Anasimama, anajifuta jasho.
Ukimletea mwenzake mwenye nguvu zaidi
watasimama wawili."

Mimi ndiye niliyekuwa nageuza buni kwenye kichanja,
vidole vikinuka uchachu mpaka kanisani.
Nikaleta kopo.

Dakika nne, pamoja na kupuliza vumbi.
Ikalia mlio mmoja, mfupi.
Na Bibi Aikande akaja mzima, macho na yote,
anatazama pembeni, kama aliyeitwa kupigwa picha
huku chungu kikiwa motoni.
Mfiwa mkubwa aligeuka akaangalia barabara.

"Kwa hiyo sasa haitasahau?"
Ombeni alicheka hadi ndoo ikalia.
"Hii? Umeme ukikatika inasahau kila kitu.
Inashika kazi iliyo mkononi tu.
Anayekumbuka ni diski, yule mzee wa polepole."
Sasa nani aliiita kumbukumbu?
Hakujua. Alichukua hela zake, akaacha elfu mbili ya soda.

Saa saba na robo, nakala ya mia moja na kumi,
taa zikazima kuanzia Mawenzi hadi kwetu.
Printa ilibaki na karatasi nusu mdomoni.
Jenereta ya jirani ikaanza kukohoa,
na yule mfiwa mdogo, wa kike, akauliza kwa sauti ya chini:
"Jina la bibi bado limo?"

Limo, nikasema.
Nilisema kabla sijakumbuka kama nilihifadhi.