Kilo Moja ya Maji

Banda la chai hapa Kyimo linavuja upande wa mashariki,
na mimi ndiye karani wa mizani.

Mvua ya Rungwe haipigi hodi.
Wachumaji wanakuja na vikapu vinavyochuruzika,
na tumeagizwa: punguza kilo moja, ya maji.
Hakuna aliyetuambia jani huwa kavu lini.
Kwa hiyo hata siku za jua, zile mbili tatu za mwezi,
kalamu yangu huandika kumi na moja
pale mshale uliposimama kumi na mbili,
na ile kilo inayobaki huangukia jina la shemeji yangu
asiye na hata mche mmoja.

Jana alikuja Mama Tupokigwe, jicho la kushoto lina mtoto.
Jani lake kavu, linalia kama karatasi.
Ukungu ulikuwa umemeza barabara, ukameza na mlango.
Nani angeona?

Baba yangu alikuwa na jibu.
Mwinjilisti Asajile, aliyeijua jehanamu
kama mtu anavyolijua shamba lake:
mipaka, mabonde, wapi panawaka zaidi.
Kwa ufito wa mkaratusi alitufundisha
juu ya Jicho lisilofumba.
Nami nikajifunza, kweli nikajifunza:
kuiba ndizi pale migomba ilipoinama zaidi,
kudanganya kwa sauti ya chini,
kutubu Jumapili kabla kapu la sadaka halijanifikia.
Nilipotimiza miaka tisa
hapakuwa na fuko aliyenishinda kujificha.

Halafu ikaja siku ya sukari.
Shangazi Subilaga alinikuta kwenye kopo,
mkono umezama, chembe midomoni.
Nikangoja ufito. Nikangoja hata radi.
Akavuta kigoda, akaketi.
"Hii ni ya uji wa bibi yako," akasema.
"Tangu Alhamisi hali kitu kingine.
Haya, wewe ungemwachia kiasi gani?"
Akanipa kijiko.

Nimebeba viazi vya lumbesa kutoka Isyonje,
sijabeba kitu kizito kama kijiko kile.
Nikarudisha kimoja. Akangoja.
Nikarudisha cha pili, na cha tatu, nikikung'uta vidole.
"Funika vizuri," akasema. "Sisimizi hawana shangazi."

Sisemi baba alikosea.
Usiku ule tulipomzika mdogo wangu Ipyana
nilimsikia nyuma ya zizi akiomba msamaha
kwa makosa ambayo hakuyatenda,
anatetemeka kama mtoto aliyesikia nyayo za mwenye ufito.
Huenda yeye hakuna aliyempa kijiko.
Alitugawia alichokuwa nacho, nacho kilikuwa hofu,
aliyoitunza safi, kama suti yake ya Pasaka.
Na wapo watu hapa hapa, nawajua kwa majina,
ambao hofu hiyo tu ndiyo inayoacha panga darini.
Usiwanyang'anye haraka.

Lakini jana, ndani ya ukungu,
nilitazama juu: hata mlima haukuwepo.
Palikuwa na mshale, kumi na mbili,
na mama anayepangusa mikono kwenye kitenge
akingoja nimsomee.
Kijiko kikarudi kiganjani.

Nikaandika kumi na mbili.
"Ndaga," akasema, akakunja kapu lake akaenda,
hajui kama amepewa kitu. Na kweli hakupewa.

Ningependa kuishia hapo.
Ila daftari lina kurasa za nyuma,
na kila kumi na moja ina mwenyewe.
Jioni binti yangu Bupe, ana miaka sita,
aliuliza kwa nini nainua godoro
na dukani hatuendi.
Ningeweza kumwambia Mungu anaona.
Nikamwambia, njoo, ukae hapa, unisaidie kuhesabu.

Tukahesabu polepole, jina kwa jina,
sukari ya watu.